Mtihani wa leseni ya uuguzi: namna ya kulijibu swali la "utaanza na nini?"

Wahitimu ninaojiandaa nao kwa mtihani wa leseni, wengi wao dozi wanazo kichwani. Kinachowatoa jasho ni swali lenye majibu manne ambayo yote muuguzi huyafanya, ila moja tu ndilo la kuanza nalo. Tuchukue hili la wodi ya wazazi:

Mama wa miaka 24 amejifungua saa moja iliyopita baada ya uchungu wa muda mrefu. Mtoto ana kilo 4.1. Mapigo ya moyo ya mama ni 118 kwa dakika, presha 100/60. Mfuko wa uzazi ni laini, uko juu ya kitovu na umeegemea kulia. Pedi ya pili imelowa chapachapa. Utaanza na nini?
(a) Kwenda kumwita daktari wa zamu
(b) Kukanda mfuko wa uzazi
(c) Kumwekea katheta ya mkojo
(d) Kurudia kupima presha baada ya dakika 15

Hatua ya 1: Acha majibu, soma namba. Presha ya 100/60 inatuliza moyo bure. Mama kijana hupoteza damu nyingi kabla presha haijaporomoka. Mapigo ndiyo hutangulia kusema. Gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha: 118 kwa 100 ni karibu 1.2. Ikifika 0.9, shtuka.

Hatua ya 2: Taja kwa sentensi moja kinachoweza kumuua. Hapa ni hivi: mfuko wa uzazi haujakaza, mama anavuja damu. Uchungu mrefu na mtoto mkubwa vimeuchosha msuli, na kibofu kilichojaa kimeusukuma kulia na kuuzuia kukaza. Ukishindwa kuitunga sentensi hiyo, rudi ukasome swali, usikimbilie majibu.

Hatua ya 3: Sasa yapime majibu. Jibu (d) huwanasa waliokariri kwamba tathmini hutangulia kila kitu. Hutangulia pale swali lisipokupa taarifa. Hapa umepewa zote, na dakika 15 ni nyingi mno kwa mama huyu. Jibu (a) linamwacha peke yake. Wodini ungepaza sauti kuomba msaada huku mkono uko tumboni, lakini swali limesema "kwenda". Jibu (c) ni sahihi kabisa, ila ni la pili. Jibu ni (b). Kisha zinafuata oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko) uniti 10, dripu, katheta, na traneksamiki asidi (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10.

Hatua ya 4: Ligeuze swali. Hapa ndipo ninapowaweka watu muda mrefu kuliko pengine popote. Badilisha kitu kimoja tu, ujiulize kama jibu linabaki. Mfuko ni mgumu na uko katikati, lakini damu mbichi inatiririka bila kukatika? Kukanda hakutasaidia, tafuta mchaniko kwenye shingo ya kizazi au ukeni. Mfuko ni mgumu, umeegemea kulia, damu ni ya kawaida? Kwanza mama akojoe. Amejifungulia nyumbani na kuletwa baada ya saa 5? Traneksamiki inaondoka kwenye orodha, kwa sababu hutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Swali moja likigeuzwa hivi linakufundisha kuliko kukariri maswali mengi ya zamani, ambayo mtihanini hayatarudi vilevile.

Hatua ya 5: Kwenye dawa, tafuta sababu ya kutoitoa. Mama mwenye kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, na saa ya sindano inayofuata imefika. Anapumua mara 12 kwa dakika, ukigonga goti mguu hautikisiki, mkojo ni mililita 20 kwa saa. Ratiba inasema choma, mgonjwa anasema hapana. Ili uendelee unahitaji pumzi 16 au zaidi, goti linaloitika, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Huyu dawa imemzidi: zuia dozi, mpe dawa ya kuipinga, kalisiamu glukoneti, gramu 1 kwenye mshipa polepole, ita msaada, na kifaa cha kumsaidia kupumua kiwe mkononi.

Hatua ya 6: Wagonjwa wanne, umwone nani kwanza? Mpya na lisilotarajiwa hutangulia la siku zote. Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu na oksijeni ya asilimia 90 anaweza kusubiri, hiyo kwake ni kawaida. Maumivu ya mshono siku ya kwanza yanatarajiwa. Mtoto wa pumu aliyekuwa akitoa mlio kifuani na sasa yuko kimya, amelegea, huyo mkimbilie: hewa haipiti tena. Wengi humruka wakidhani amepata nafuu.

Kwa wanaolenga Marekani, tangu Aprili 2023 NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko, ina visa vya mgonjwa mmoja vyenye maswali sita, na hali yake hubadilika kadiri unavyoendelea. Hao wairudie hatua ya 4 zaidi, wakimfuata mgonjwa yuleyule tangu anapokelewa hadi matibabu yanapotathminiwa.