Jinsi ya kujifunza sauti za ndege kwa michezo ya simu

Mchezo wa simu hukufunza sauti za ndege ukitaja jina kabla skrini haijakuonyesha chochote. Picha ikitangulia, jicho hujibu na sikio hulala. Ingia kwenye mipangilio uzime picha. Kama haizimiki, laza simu kifudifudi mpaka utamke jibu lako. Vaa hedifoni pia, kwa sababu spika ndogo ya simu hupoteza sauti nzito, na mlio wa bundi au dudumizi unaweza kukufikia nusu tu.

Anza na ndege wanane unaoweza kukutana nao karibu na unapoishi. Jaribio la picha na sauti la eBird, tovuti ya kuhifadhi kumbukumbu za ndege walioonwa, hukuruhusu kuchagua eneo na tarehe, kisha hukupa maswali 20 kuhusu ndege wa huko. Mchezo wako ukikosa uchaguzi huo, tengeneza kadi zako ndani ya Anki, programu ya kadi za kujifunzia, kwa rekodi za xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege, ambazo hupangwa kwa ubora kuanzia A, zilizo bora zaidi, hadi E. Kwa kila aina ya ndege weka rekodi tano au zaidi, kila moja ya ndege mwingine wa aina hiyohiyo: wimbo, mlio wa kuitana, mlio wa tahadhari. Tumia za A kwanza, halafu ongeza za C zenye upepo na kelele, maana porini ndivyo zitakavyokujia.

Hapa ndipo wengi hukwama. Rekodi ikiwa moja tu, sikio hukariri nyenje anayelia nyuma au kikohozi cha mrekodi, wala si ndege. Alama zinapanda, lakini ukiletewa rekodi ngeni ya ndege yuleyule unaduwaa. Dawa yake ni kujipima kwa rekodi usizowahi kusikia. Ukipata tisa kati ya kumi kwa hizo, ongeza ndege wawili wapya.

Unaposikiliza, fuata mpangilio: mapigo kwanza, kisha kama sauti inapanda au inashuka, kisha kama ni laini au ya kukwaruza. Iseme kwa silabi zako mwenyewe. Dudumizi hutoa “du-du-du” inayoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Njiwa ni wagumu zaidi kwa kuwa milio yao inakaribiana mno. Hesabu mapigo, halafu tafuta mkazo umeangukia pigo la ngapi. Wawili wanaokuchanganya waweke katika zamu moja, wakipishana bila utaratibu. Kusikiliza mmoja mara kumi mfululizo hukupa hisia ya kujua tu, bila kukufundisha kutofautisha.

Jifunze pia kusoma spektrogramu, yaani picha ya sauti: muda huenda kutoka kushoto kwenda kulia, na sauti nyembamba hukaa juu. Mluzi ni mstari mwembamba, mtetemo ni vijiti vilivyosongamana, mkwaruzo ni doa pana. Mchezo wa Bird Song Hero wa Cornell Lab, kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell, huzoeza jambo hilohilo: unasikia wimbo, unachagua picha yake. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinafaa kuliko saa nzima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu sikio likichoka huanza kubahatisha.

Nje, washa utambuzi wa sauti wa Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, uliokuja mwaka 2021 na unaofanya kazi bila intaneti ukishapakua kifurushi cha eneo lako. Funika skrini, andika unachodhani, ndipo ulinganishe. Lichukulie jina inalotoa kuwa pendekezo tu: ndege wanaoiga wengine huipotosha, vivyo hivyo vyura na sauti za mbali. Usiwachezee ndege rekodi, hasa msimu wa kutaga. Hudhani ndege mgeni kavamia himaya yao, wakapoteza nguvu kumfukuza au wakaacha mayai yapoe. Usipomwona mwimbaji, andika “sijui” pamoja na idadi ya mapigo, saa na aina ya miti, uhifadhi rekodi yako, kisha uiingize kwenye kadi siku utakapompata.