PS4 imejaa? Usifute gemu, katafute diski ya laptop Kariakoo

Wakuu, kama una PS4 ya GB 500 ule ujumbe wa nafasi haitoshi unaujua kama unavyoujua mlio wa LUKU ikikaribia kuisha. Na hiyo 500 yenyewe sio 500, mfumo ukishachukua chake unabaki na kama 400 hivi, weka GTA V, weka mpira, weka Call of Duty moja, kwisha habari. Wengi wanafuta gemu wakijipa moyo wataishusha tena, sasa kwa bando zetu hizi kushusha gemu ya GB 80 mara ya pili si bora hiyo hela ukanunulie diski.

Njia nyepesi ni hadi diski (hard disk) ya nje. Sony waliiruhusu kwenye toleo la mfumo 4.50, Machi 2017, kwa hiyo kama mashine yako haijaapdetiwa miaka anza hapo. Diski iwe ya USB 3.0, ianzie GB 250 isizidi TB 8, na uichomeke moja kwa moja kwenye PS, ukipitishia kwenye habu, kile kigawio cha USB, haikubali.

Ila usikimbilie mpya ya dukani. Mafundi wa laptop kila siku wanawabadilishia watu wanawawekea SSD, zile diski za kasi, zile hadi diski zilizotoka zinabaki kwenye droo, za GB 500 mpaka TB 1, na bei inaongeleka. Kabla hujatoa hela mwambie fundi aichomeke kwenye kompyuta afungue CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, ikionyesha bluu sawa, ikionyesha njano rudisha kwenye droo yake hata kama anakuapia kwa mama yake. Angalia na masaa iliyotembea, diski ina kilomita kama bodaboda tu.

Halafu unanunua kava, yaani kile kiboksi unachoitumbukiza diski ndani kikatoa waya wa USB. Hapa ndo mimi nilipigwa. Nilichukua kava la bei chee, kiplastiki cha ndani ya USB ni cha bluu kabisa, nikajua hii ni 3.0, nikapanda daladala mpaka Mbagala nachomeka PS inanikatalia, inataka USB 3.0. Kumbe ile bluu ni rangi tu. Siku hizi nahesabu vyuma: USB 3.0 ya kweli ina vinne mbele na vitano vidogo nyuma yake, jumla tisa. Ukikuta vinne peke yake mwachie mwenyewe. Na zile flashi za TB 2 za bei ya chipsi yai usiziguse kabisa, ndani unakuta GB chache tu, zimedanganywa zionyeshe nyingi.

Ukishachomeka ingia setingi, sehemu ya vifaa, halafu vifaa vya USB, chagua diski yako na uifomati iwe storeji ya ziada. Inafuta kila kitu kwa hiyo picha za harusi ya dada toa kwanza. Baada ya hapo nenda kwenye storeji, bonyeza Options, hamisha gemu, usiku ulale. Gemu inacheza hukohuko kwenye diski ya nje, sevu zako, yaani kumbukumbu ya ulipofikia, ndo zinabaki ndani. Gemu za CD bado zitadai CD.

Hutaki kitu kining'inie nje? Badilisha ya ndani, ni ileile ya laptop ya SATA inchi 2.5, unene usizidi milimita 9.5, maana kuna za TB 2 nene za milimita 15 haziingii. Sevu zihamishie kwenye flashi kwanza. Kisha kwa kompyuta shusha faili la mfumo kutoka kwa Sony, lile la kuinstoli upya la kama GB 1 na sio lile dogo la apdeti, watu wengi wanakwama hapo. Liweke kwenye flashi uliyoifomati FAT32, folda PS4, ndani yake folda UPDATE, jina libaki PS4UPDATE.PUP. Skrubu inayoshika diski utaijua, ina alama za pembetatu na duara kama za pedi. Ukishafunga diski mpya shikilia pawa kama sekunde 7 mpaka ilie mara ya pili, unganisha pedi kwa waya, chomeka ile flashi, chagua namba 7, ile ya kuinstoli mfumo upya.

SSD? Inafupisha kusubiri gemu ifunguke, ila kwa hela hiyohiyo unapata nafasi ndogo, na shida yako ilikuwa nafasi.

Halafu diski ya nje usiichomoe kienyeji mashine ikiwa imewaka, iondoe kwanza kwenye menyu. Umeme ukikatika ghafla PS ikiwaka itaanza kukagua diski, iache imalize hata ikichukua nusu saa, usiwe na kiherehere cha kuizima.