Je, ubao wako wa pedali unahitaji swichi ya lupu?

Mpiga gitaa akishafikisha pedali tano au sita (vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa) kwenye ubao wake, huanza kujiuliza iwapo wakati wa kununua swichi ya lupu umefika. Ninazungumzia kile kifaa ambacho kila pedali huunganishwa nacho kwa kebo ya kwenda na kebo ya kurudi (njia hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo lupu), zikaachwa zote zimewashwa, kisha swichi zake ndizo zinazoamua ni pedali zipi zipitiwe na sauti na zipi zirukwe. Si kile kinachorekodi kipande cha muziki na kukirudia. Wengi hutafuta jibu kwa kuutazama ubao, ilhali jibu limo katika nyimbo wanazopiga.

Kwa hiyo anza na nyimbo. Chukua orodha ya zile unazopiga jukwaani au mazoezini, na kwa kila wimbo andika pedali zinazotumika katika ubeti, katika kiitikio na katika solo, kisha hesabu kila mpito unadai mikanyago mingapi. Tuseme ubeti unapigwa kwa kompresa (pedali ya kusawazisha nguvu ya sauti) na korasi (ya kuinenepesha sauti), na solo inataka ovadraivu (ya kuipa sauti mkwaruzo) na dilei (ya kuirudia kama mwangwi) bila zile mbili za mwanzo. Hiyo ni mikanyago minne, na wimbo ukiwa unakwenda kwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo huchukua nusu sekunde tu. Hata mpigaji mwenye mguu mwepesi atachelewa kuingia kwenye solo, au ataianza huku korasi bado inasikika, na ikiwa yeye ndiye anayeimba pia, hana hata nafasi ya kuinamisha macho kutazama anapokanyaga. Swichi ya lupu yenye kumbukumbu huyafanya mabadiliko yote manne kwa mkanyago mmoja. Nasisitiza yenye kumbukumbu, kwa sababu zipo za aina sahili ambazo kila lupu ina swichi yake moja, na hizo hazipunguzi hesabu ya mikanyago hata kidogo. Zinaisogeza tu kutoka kwenye pedali hadi kwenye kifaa kipya.

Mpito wa mkanyago mmoja hauhitaji chochote. Wa mikanyago miwili mara nyingi huponywa kwa kuziweka pedali hizo mbili jirani ili kiatu kimoja kizikanyage kwa pamoja, mradi tu mpangilio wa sauti usiharibike. Ila mipito ya mikanyago mitatu au zaidi ikijitokeza katika nyimbo nyingi za orodha yako, mimi naiona hiyo kuwa sababu yenye nguvu kuliko nyingine zote.

Sababu inayotajwa zaidi, hata hivyo, ni ubora wa sauti, na hapa ndipo fedha nyingi hutumika bila kupima. Gitaa lenye pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) za kawaida, zisizotumia betri, hupoteza ung'avu kadiri kebo inavyorefuka, kwa kuwa kila mita ya kebo huongeza kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, unaomeza sauti za juu) ya takriban pikofaradi 100. Ukiwa na mita sita kutoka gitaa hadi ubao, mita mbili za kebo fupi kati ya pedali, na mita sita nyingine hadi amplifaya, sauti inabeba mzigo wa pikofaradi zipatazo 1,400 kabla ya kufika, iwapo pedali zote zina baipasi halisi, yaani zikizimwa sauti hupita moja kwa moja bila kugusa mzunguko wake. Lipime hili kwa masikio: piga gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa kebo fupi, kisha pitia ubaoni pedali zote zikiwa zimezimwa, ukipiga kipande kilekile kwa nguvu ileile. Tofauti ikiwa haisikiki, usinunue kifaa kwa ajili ya sauti. Ikisikika, weka bafa moja (saketi ndogo inayoipa sauti nguvu ya kupita kebo ndefu) mwanzoni mwa ubao, au pedali yoyote ambayo tayari ina bafa ndani yake, kama zilivyo nyingi za BOSS, kisha rudia jaribio. Mara nyingi ung'avu hurudi hapo hapo.

Sauti isiporudi, ondoa pedali moja moja kwenye mnyororo hadi umpate mkosaji. Aghalabu ni pedali ya zamani, kwa mfano ya wah, ambayo hata ikizimwa mzunguko wake hubaki umeunganishwa na njia ya sauti na kuinyonya. Hiyo inatibiwa kwa kisanduku kidogo cha lupu moja, ambacho kinaweza kufanya kazi hata bila umeme. Hakuna haja ya kuubadili ubao mzima kwa ajili ya pedali moja.

Kabla ya kuamua, zijue pia gharama zisizoandikwa kwenye boksi. Pedali sita zilizofuatana huunganishwa kwa kebo fupi tano, lakini zikiingizwa katika lupu sita zinahitaji kebo 12, yaani jeki 24, na kila jeki ni mahali ambapo hitilafu inaweza kutokea usiku wa onyesho. Dilei na riverbu zikirukwa, mwangwi wake hukatika ghafla, isipokuwa kifaa chako kina uwezo wa kuuacha ufifie wenyewe. Vifaa vingi pia vina bafa kwenye mlango wa kuingilia, na pedali ya fazi (ya kuipa sauti mvumo mzito) ya aina ya Fuzz Face, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, haipendi bafa itangulie: sauti yake hukwaruza, na kitufe cha sauti cha gitaa hakiisafishi tena kama kawaida. Chagua kifaa ambacho bafa yake inaweza kuzimwa, au iweke fazi kabla ya kifaa chenyewe. Na iwapo mngurumo unatokana na pedali kugawana adapta moja, tiba yake ni chanzo cha umeme chenye njia zilizotenganishwa, si swichi ya lupu.

Ukishaamua kununua, usihesabu pedali, hesabu lupu. Pedali mbili ambazo daima huwashwa na kuzimwa pamoja zinaweza kugawana lupu moja, kompresa isiyozimwa kamwe haihitaji lupu, na tyuna (kifaa cha kulinganisha nyuzi) mara nyingi ina mlango wake maalumu. Ubao wa pedali nane unaweza kutosheka na lupu nne au tano. Ikiwa pedali zako za dijitali zinapokea MIDI (lugha ya amri kati ya vifaa vya muziki), tafuta kifaa kinachoweza kuzituma kwenye mipangilio iliyohifadhiwa, na iwapo amplifaya yako ina chaneli mbili, hakikisha kina mlango wa kuzibadilisha. Kisha tandaza kila kitu sakafuni bila kufunga wala kukata kebo yoyote, na upige orodha nzima ya nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kukibana kifaa ubaoni.