Somo: Kumpokea mbwa aliyeokolewa na kumlea mpaka apate kwake

Wanachama, habari za siku. Tangu tumtoe yule mbwa jike pale stesheni, wengi mmeniuliza mtasaidiaje. Wenzetu wana vituo vya kuokoa wanyama: Arusha wana Mbwa wa Africa, Unguja wana ZAASO, Dar es Salaam kuna Dar es Salaam Animal Haven. Sisi wa Tabora mabanda yetu ni nyua zetu. Mbwa akiokotwa sokoni au relini, analala kwa mtu. Ndiyo maana somo hili ni la kumlea kwa muda, wiki sita au hata miezi mitatu, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Nimeshalea kumi na mmoja hapa Isevya. Nitaeleza ninavyofanya, na nitaeleza nilipokosea, maana kosa langu liliua vitoto vitano vya mbwa.

Hatua ya 1: Jua atatokaje kabla hajaingia

Wenye huruma wengi hukwama hapa. Unamwokota kwa machozi, miezi minne baadaye una watatu, mwenye nyumba amechoka, na mbwa wanarudi barabarani wakiwa wamezoea kulishwa. Hiyo si kuokoa. Kabla ya kusema ndiyo, taja watu wawili wanaoweza kumchukua: fundi gereji anayetaka mlinzi, mfugaji wa Uyui, mwalimu aliyejenga nje ya mji. Kama huna hata mmoja, tafuta kwanza.

Mwambie mwenyekiti wa mtaa, na mwambie jirani wa ukuta kwa ukuta. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia kelele za usiku mbili tatu. Asiyeambiwa ndiye anayerusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, na hilo nimeliona.

Hatua ya 2: Mtengee pembe

Kivuli, gunia la kulalia, karai zito la maji lisilopinduka, kamba ndefu. Si waya, hata kwa usiku mmoja: yule jike wa stesheni alikuja na waya wa kufungia mabati uliozama shingoni mpaka nyama ikaanza kuufunika. Kwa siku 14 asikutane na mbwa wako. Vyombo vyake viwe vyake, na ukitoka kwake nawa mikono na osha ndala.

Sasa hili la vitoto. Mwaka mmoja nilipokea vitoto vitano wa wiki saba, nikawaweka palepale alipofia mwenzao mmoja miezi mitatu kabla. Nilikuwa nimefagia na kumwaga maji, nikaona panang'aa. Ugonjwa uliomuua ulikuwa parvo, na kirusi chake hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Maji ya sabuni hayakiui. Siku ya tano wa kwanza alitapika povu, jioni akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Ndani ya wiki wote walikwisha. Na chanjo niliwachoma! Lakini niliinunua kwenye duka moja la dawa za mifugo, muuzaji akanitolea chupa kabatini, ya joto, nami nikaitia mkobani bila kuuliza. Chanjo ya parvo hukaa kwenye nyuzijoto 2 mpaka 8. Ikipata joto ni maji tu. Siku hizi sichomi chanjo ambayo sijaiona ikitoka kwenye friji. Sakafu ya saruji naiosha kwa sabuni kwanza, kisha namwaga dawa ya klorini ya maji ya kufulia, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, naiacha dakika kumi. Pale penye udongo alipofia mgonjwa, sipeleki tena kitoto. Mbwa mkubwa aliyechanjwa, sawa.

Hatua ya 3: Siku tatu bila mikono

Usimkumbatie wala usimwogeshe, na watoto wasimzunguke. Weka chakula, ondoka. Yule jike hakula hata tonge siku mbili. Siku ya tatu nilikaa hatua kumi kutoka kwake, nikampa mgongo, nikachambua mchicha. Nikasikia ulimi unalamba sahani. Sikugeuka. Kesho yake nilikaa hatua saba. Siku ya tisa alinijia mwenyewe, akaweka pua kwenye kisigino changu, akakaa hivyo mpaka mchicha ukaisha.

Hatua ya 4: Daktari, ndani ya wiki ya kwanza

Anza kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri. Mambo ni manne: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, kupe, na cheti chenye tarehe. Vitoto hupewa dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka wafike wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi sita.

Kwenye kichaa naomba msome polepole. Chanjo humkinga ambaye hajaambukizwa. Aliyekwisha kung'atwa na mgonjwa haimwokoi. Na ugonjwa huu hujificha wiki kadhaa, mara nyingine hata miezi, kabla ya dalili. Kwa hiyo mbwa wa mtaani aliyechanjwa leo, mwangalie kwa miezi. Mpole akawa mkali ghafla, au mkali akajisogeza kwa kila mtu, sauti ikabadilika, taya likalegea, udenda ukatiririka, akashindwa kumeza. Hapo ndipo watu huingiza mkono kinywani wakidhani mfupa umekwama. Usiingize mkono! Mfungie, toka, mpigie daktari.

Upele na kupe vina dawa zake kwa kipimo cha uzito. Oili chafu ya gari ambayo mafundi hutushauri tumpake ni sumu, anailamba. Parasetamoli na diklofenaki zako pia usimpe.

Hatua ya 5: Chakula

Ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi, mara mbili kwa siku. Vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliopikwa, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kidogo, vyote sawa. Mchuzi wenye vitunguu hapana, na mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka kama vibanzi. Aliyebaki mifupa mitupu mpe kidogo mara nne kwa siku. Ukimshibisha siku ya kwanza unaweza kumuua kwa wema.

Hatua ya 6: Kufunga kizazi

Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, mimba ni kama siku 63, na anaweza kuzaa sita kwa mkupuo. Ukimtoa bila kufungwa kizazi, mwakani tutaokota wanawe. Kwa hiyo changa pesa za upasuaji kabla ya pesa za mkanda mzuri.

Hatua ya 7: Makabidhiano

Nenda ukaone anakokwenda. Tazama lango, tazama kivuli saa nane mchana, uliza alikufaje mbwa waliyekuwa naye. Wanaojibu "alipotea tu" mara tatu, siwapi. Mkabidhi pamoja na cheti, gunia lake lenye harufu yake, na karatasi ya makubaliano: chanjo kila mwaka, na wakishindwa wanarudisha kwetu, hawamtupi. Piga simu baada ya siku tatu, tena baada ya wiki mbili.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Cheyo:* Shikamoo mama. Mbwa ninayemlea amemng'ata mdogo wangu kidoleni akicheza, ni alama ndogo tu. Baba anasema tumuue leo leo.

Marahaba mwanangu. Acha kusoma, mpeleke mdogo wako kwenye maji yanayotiririka, muoshe kwa sabuni dakika 15 ukitazama saa, kisha hospitali leo hii aanze sindano. Usipake majivu, usifunge kidonda kwa kitambaa. Udogo wa alama si hoja. Dalili za kichaa zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa, mwambie baba kwa heshima, asiuawe. Mfungeni mahali imara, mumwarifu daktari wa mifugo amtazame siku 10. Akimaliza siku hizo mzima, maana yake siku aliyomng'ata hakuwa akiambukiza, na daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Mkimuua na kumzika, mtakuwa mmezika na jibu.

*Baba wa Ng'ambo:* Assalaam alaykum dada. Nina ua mkubwa na moyo ninao, ila sisi ni Waislamu, nyumbani tunaswali. Nitafanyaje?

Waalaykum salaam kaka. Hukumu yake umuulize shekhe wako. Ninachoweza ni kukueleza jirani yangu Mwislamu anavyolea, na huu ni mbwa wake wa tatu. Banda liko nyuma, mbali na mlango na kamba ya nguo. Mbwa haingii ndani. Ana kanzu kuukuu ya kazi ya banda tu. Mbwa akilamba chombo cha nyumbani, anakiosha mara saba, moja kwa udongo, kama madhehebu ya Shafi yanavyoelekeza. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, akanikumbusha yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake cha ngozi kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

*Mfugaji, njia ya Urambo:* Wangu nilimtoa kwa wawindaji porini. Anakonda japo anakula, na jicho moja limeingia ukungu mweupe wa bluu. Nimpake asali?

Asali yetu naipenda, lakini hapana kaka. Mbwa wa msituni mwenye jicho la namna hiyo, homa na kukonda, mimi humwazia mbung'o kwanza. Wanaleta nagana, ugonjwa wa vijidudu vya damu, na mbwa hupata vibaya kuliko ng'ombe. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo hapa Tabora. Muombe daktari achukue damu itazamwe kwa hadubini, kisha atibu kwa kipimo cha uzito wake. Usisubiri wiki.

*Dada wa Ujiji, Kigoma:* Nimepanga chumba kimoja, ua ni wa wote. Nisaidieje?

Karibu dada yangu. Uko kwenye dagaa! Wale waliovunjika ambao wafanyabiashara huuza kwa bei ya chini, ilimradi hawana chumvi wala ukungu, kiroba kimoja kikija na treni kinalisha mbwa wanne wiki kadhaa. Ukitaka kutoa pesa, mlipe daktari moja kwa moja kwa jina la mbwa, uombe risiti. Usimtumie mtu anayeonyesha picha za vidonda na namba ya simu tu. Na kuna kazi isiyotaka ua: siku ya chanjo ya bure ikitangazwa, piteni nyumba kwa nyumba mkiwahimiza watu. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea mtaani. Hiyo ingewafaa hata wasiopenda mbwa.

*Mwalimu wa Ipuli:* Dada, niliyemlea nilimkabidhi kwa mtu wa Kitete Jumamosi. Leo asubuhi nimemkuta amelala langoni kwangu, miguu ina vumbi. Moyo umeniuma. Nimrudishe kweli?

Mwalimu, yule jike wa stesheni alinifanyia hivyo mara mbili. Mpe maji, usimpe chakula, usimtolee ile sauti yako ya kumbembeleza. Mfunge kivulini na umpigie simu yule aliyemchukua saa hii hii. Aje yeye, si wewe umpeleke, na aje na sahani ya kule ikiwa na chakula. Amlishe hapohapo langoni kwako, ndipo wafuatane kwa miguu. Ukishindwa kutazama, ingia ndani.