Jinsi ya kumhoji kiongozi aliyezoea kusema "tupo kwenye mchakato"

Kila mwaka ikifika Aprili simu yangu haipumziki. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huyu tunayemwita CAG, zinakuwa zimeshakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na sasa zinaingia bungeni. Watangazaji wachanga wa Mbeya, Njombe na Iringa wananipigia usiku na swali lilelile: "Kaka, kesho saa moja asubuhi nina mkurugenzi wa halmashauri studio, nimuulize nini?" Nimechoka kujibu nikiwa kitandani, kwa hiyo naandika. Nimekaa mbele ya maiki za redio za mikoani miaka ya kutosha kukosea karibu kila jambo lililomo humu.

Hatua ya 1: Bana mada mpaka libaki jambo moja

"Maendeleo ya jiji letu" si mada, ni mapumziko ya mgeni. Atakutembeza kwenye madarasa mapya, zahanati, taa za barabarani na ile barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, na kipindi kitaisha hujagusa kitu. "Kilimo" nayo ni hivyohivyo. Lakini "kwa nini gunia la viazi linatoka Isyonje likiwa na lumbesa, yaani kile kilele kinachoshonewa juu ya gunia, wakati sheria inataka lisizidi kilo 100" hiyo ni mada. Mkulima anaijua, dalali anaijua zaidi, na afisa yeyote utakayemwita hawezi kujificha nyuma ya pongezi.

Mfano nitakaoutumia hapa ni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, kwa sababu hiyo inagusa kila kata na ina tarakimu.

Hatua ya 2: Mlete mwenye jambo lake

Ukimwita diwani umuulize kuhusu mashimo ya mtaani Mwanjelwa atakurushia kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na atakuwa na haki, maana barabara hizo ziko chini yao tangu 2017. Barabara kuu ni TANROADS. Maji ya vijijini ni RUWASA tangu 2019. Kwa fedha za halmashauri, afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha hizo, ni mkurugenzi. Madiwani wanapitisha bajeti na kusimamia. Kwa hiyo mwanzo ni mkurugenzi. Meya au mwenyekiti wa halmashauri mlete wiki inayofuata. Usiwaketishe pamoja mara ya kwanza, watapongezana mpaka taarifa ya habari.

Hatua ya 3: Kaa na karatasi

Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine yote ni sauti.

Anza na sheria inavyosema. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, baada ya kelele nyingi za vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Hayo yajue kwa kichwa.

Kisha piga hesabu mwenyewe kwa kalamu. Tuseme halmashauri ya mfano imekusanya bilioni 5 za mapato yasiyolindwa. Asilimia 10 yake ni milioni 500: wanawake milioni 200, vijana milioni 200, wenye ulemavu milioni 100. Taarifa ya halmashauri ikionyesha zimepelekwa milioni 310, swali limeshajiandika: milioni 190 ziko wapi?

Angalia neno "yasiyolindwa". Kuna mapato ambayo halmashauri inayapokea kwa kazi maalumu, na hayo hayaingii kwenye hesabu ya asilimia 10. Usipoyatoa kwanza, mgeni wako atakusahihisha mbele ya watu. Mimi yalinikuta kwa njia nyingine. Mwaka mmoja nilimkaba mkurugenzi wa halmashauri fulani ya kanda hii kwa tarakimu nilizozitoa kwenye kitabu cha bajeti. Aliniacha nimalize. Nilisikia kikombe chake kikirudi kwenye kisahani taratibu, halafu akasema, "Ndugu mtangazaji, hayo uliyosoma ni makisio. Makusanyo halisi unayo?" Sikuwa nayo. Dakika 20 zilizobaki nilikuwa mwanafunzi wake, na mama yangu mzazi alikuwa anasikiliza.

Makisio ni kile walichopanga kukusanya. Makusanyo halisi ni kile kilichoingia. Andika maneno hayo mawili juu ya karatasi yako kila mara.

Karatasi zinapatikana. Ripoti ya CAG ya serikali za mitaa inawekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na mikutano yake iko wazi kwa mwananchi. Nenda, kaa nyuma, chukua kabrasha. Mapato na matumizi ya kijiji yanatakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na ukimkuta mwenyekiti ambaye hajayasoma mwaka mzima, hiyo peke yake ni kipindi. Wakikunyima taarifa, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 za kukujibu. Andika barua, peleka masijala, gongesha muhuri kwenye nakala yako. Siku 30 zikipita kimya, ingia nayo studio.

Halafu hili la "hati safi". Mgeni akiona mambo magumu atasema, "Halmashauri yetu imepata hati safi." Waandishi wengi wanaishia hapo na kumpongeza. Hati inayoridhisha maana yake vitabu vya hesabu vimeandaliwa inavyotakiwa. Haimaanishi hakuna fedha iliyopotea. Ripoti hiyohiyo inaweza kuwa na kurasa za hoja za ukaguzi. Muulize: katika mapendekezo ya CAG ya miaka iliyopita, mangapi yametekelezwa na mangapi hayajaguswa? CAG hufuatilia hayo kila mwaka, kwa hiyo jibu lipo na wewe uwe nalo mfukoni.

Hatua ya 4: Maswali matano, mafupi

Ishirini ni woga. Matano yanakuachia nafasi ya kusikiliza. Kila swali libebe kitu kimoja. Ukiuliza "mmefanya nini kuhusu marejesho na je vijana wanasaidiwaje na mna mpango gani", umempa milango mitatu, atatoka kwa ule mpana zaidi. Sema: "Vikundi vingapi havijarejesha?" Kisha nyamaza.

Hatua ya 5: Malizana na masharti kabla ya siku

Wataomba maswali. Mimi natuma mada, si maswali. Ofisi ikisisitiza, nawaambia tarakimu nitakazozigusa ili wazilete zilizo sahihi; hilo ni haki yao na linanisaidia mimi. Bahasha ya "nauli" usiipokee, hata kama redio yenu haijalipa mshahara miezi miwili. Najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya. Na mweleze bosi wako mapema, hasa kama halmashauri hiyo ndiyo inayolipia matangazo yenu. Asishtuke hewani akakukatia.

Kama mahojiano ni ya nje, kwenye mkutano au eneo lenye mvutano, usiende peke yako, na mhariri ajue ulipo. Sisi wa kanda hii tunaijua Nyololo, Mufindi, alikouawa Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten, akiwa kazini, Septemba 2, 2012.

Hatua ya 6: Hewani

Salimia vizuri. Kama yuko Iringa na wewe ni wa kule, "kamwene" inalainisha meza. Kama ni mkubwa wako, shikamoo itoke kabla maiki haijawashwa. Ikitoka hewani wasikilizaji wataona umeshapiga magoti. Mbunge na diwani ni Mheshimiwa. Mkurugenzi ni mtumishi wa umma, mwite Mkurugenzi.

Kisha inakuja sehemu ambayo hakuna anayeifundisha: swali la pili. Inaendaga hivi.

"Mkurugenzi, vikundi ambavyo havijarejesha mkopo ni vingapi?"

"Ahsante kwa swali zuri. Kwanza niishukuru Serikali kwa…"

Mpe sekunde kumi za kushukuru. Akimeza mate, ingia: "Shukrani zimefika. Ni vingapi?"

"Vipo kadhaa, ila tupo kwenye mchakato wa kuvifuatilia."

"Mchakato umefikia wapi leo?"

"Tumeunda timu."

"Iliundwa lini, na imeshafika kata zipi?"

Hapo patakuwa na kimya. Usikijaze. Sekunde tatu za kimya redioni ni ndefu kama mkutano wa hadhara, na fundi mitambo mkono wake utakuwa unaenda kwenye kibwagizo. Mwambie kabla ya kipindi: nikinyamaza, usiguse kitu. Atakayevunja kimya kile awe mgeni, na mara nyingi anakivunja kwa kusema kweli.

Ona kwamba hakuna swali hata moja kati ya hayo lenye ukali. Mwaka 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimuuliza mwanasiasa wa Uingereza, Michael Howard, swali lilelile zaidi ya mara kumi, na watu wa fani bado wanalisimulia. Huku kwetu ukirudia mara ya nne, wasikilizaji wanamhurumia mzee wa watu na wewe unakuwa mtoto asiye na adabu. Mimi narudia mara tatu, kisha nasema wazi: "Mkurugenzi, wananchi wamesikia kwamba idadi hujaitaja leo. Tuendelee." Ile sentensi inauma kuliko marudio.

Hatua ya 7: Simu za wasikilizaji

Zifungue dakika kumi za mwisho, si mapema. Mama wa Uyole mwenye kikundi cha watu watano atauliza kwa ufasaha kuliko wewe. Akianza kumtaja mtu kwa jina kuwa ni mwizi, mkate kwa upole na umgeuzie mgeni hoja bila jina.

Hatua ya 8: Daftari

Nina daftari la kaunta, limechanika jalada. Kila ahadi iliyotolewa hewani naiandika: nani, nini, tarehe aliyoitaja mwenyewe. Asipotaja tarehe namuomba kabla ya kufunga kipindi, "Tukualike lini utuletee majibu?" Sauti naihifadhi sehemu mbili. Tarehe ikifika napiga simu ofisini kwake, na akija, kipindi kinaanza kwa kumchezea sauti yake mwenyewe.

Ukurasa wa mikopo una tarehe tano. Nne nimezikata baada ya kuahirishwa. Ya tano ni Jumanne ijayo, na katibu muhtasi wake ameshapiga kuuliza kama nitakuwepo.