Vyumba vya kupangisha Mji Mkongwe, Bagamoyo: anza na nyumba ya Kiswahili

Kuna watu wananifuata wakiwa wamerithi kiwanja Mji Mkongwe. Nyumba ya babu imeshaanguka, yamebaki mawe na mwarobaini katikati. Wanataka vyumba ambavyo mvuvi au mwalimu ataweza kulipia kodi, na wanadhani njia ni mbili tu: kupandisha ghorofa la tofali za saruji, au kuwauzia wenye hoteli. Mimi ni mwashi, nilianza kama saidia fundi kwa mjomba wangu, na huwa nawaambia ramani wanayo tayari. Ni nyumba ya Kiswahili.

Ukumbi unatoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba viko huku na huku, nyuma jiko na choo. Nyumba hiyo ilikaliwa na familia nne, tano, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tabu yake ni choo kimoja cha watu wote na jiko la moshi. Pesa yako ipeleke huko, siyo kwenye ghorofa.

Kabla hujachimba, pita kwa watu wa Mambo ya Kale, idara inayosimamia majengo ya kale, kisha halmashauri kwa kibali cha ujenzi. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na ni nafuu kusahihishiwa mchoro kuliko kubomolewa ukuta.

Tuseme kiwanja ni mita 10 kwa 22. Ukumbi upe mita 1.6, na kila upande vyumba vinne vya mita 3 kwa 3. Familia moja inachukua viwili vinavyopakana, chumba na sebule, kwa hiyo ni familia nne. Kila upande acha uchochoro wa sentimita 90. Usiuonee choyo. Madirisha yanapata hewa hapo, na ukuta wa jirani unapona, maana kuta zetu za zamani za mawe ya matumbawe mara nyingi zina msingi mfupi. Ukichimba mtaro mrefu pembeni yake wakati wa masika, unaweza kuulaza. Mimi huchimba mita moja moja, najenga msingi kipande hicho, ndipo naendelea.

Kuta jenga kwa matofali ya kufungamana, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Yanapangwa bila udongo wa kuunganishia, kwa hiyo saruji nyingi inabaki kwenye msingi, mstari wa kwanza na mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Yamwagilie maji kivulini siku saba, usiyaharakishe. Vyoo vinne vijenge uani, migongo ikitazamana, ili bomba liwe moja na shimo liwe moja. Mabati yapauliwe maji yateremkie uani, na uweke gata. Maji ya bati lako yasimpige jirani ukutani.

Sasa chokaa, na hapa nakuomba unisikilize. Kama kiwanja kina kipande cha ukuta wa kale unachotaka kukihifadhi, usikipige lipu ya saruji. Nilifanya hivyo kwenye nyumba ya mzee mmoja kwa sababu alitaka iishe upesi. Masika ya pili lipu ikavimba. Ukiigonga kwa kidole inalia tupu. Nilipoibandua, jiwe nyuma lilikuwa unga unyevu wenye chumvi, linamwagika kiganjani. Unyevu ulikuwa umekosa pa kutokea. Kazi ile niliirudia kwa pesa yangu, na mpaka leo nikipita pale naumia.

Chokaa iloweke kwenye pipa wiki tatu au zaidi, ifunikwe na maji. Changanya moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mtoni, siyo wa ufukweni wenye chumvi. Iko tayari ukigeuza mwiko na isianguke. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka jembamba, ngoja likauke kiasi, piga la pili, kisha nyunyizia maji siku tatu. Ukuta mpya nao upake chokaa, ili mtaa usikatike rangi.

Mbele weka mlango mmoja wa mbao, wa vipande viwili vinavyofunguka katikati. Nakshi kidogo kwenye fremu inatosha kama mfuko hauruhusu zaidi.

Halafu baraza. Simama Mtaa wa India uone zinavyopokezana nyumba hadi nyumba. Kimo sentimita 45, upana 60, mteremko wa vidole viwili kuelekea barabarani ili maji yasirudi ukutani. Inazuia matone ya mvua yasile chini ya ukuta, na jioni ndiyo sebule ya wapangaji wote wanne. Ijenge pamoja na msingi, kwa mawe yale yale ya nyumba ya babu yaliyolala hapo kiwanjani.