Kukagua na kupangia bei Mustang au HEMI iliyotumika hapa Dodoma

Mwambie muuzaji asiwashe gari siku utakayokwenda kulikagua. Fika saa moja asubuhi, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, rudi kesho yake. V8 ya Kimarekani (injini ya silinda nane), iwe ya Ford Mustang au HEMI ya Dodge, Chrysler na Jeep, iliyolala usiku kucha hutoa siri zake ndani ya dakika tano za mwanzo. Ikishachemka, kasoro nyingine hunyamaza kabisa.

Kabla ya ufunguo, soma namba ya chasi, ile yenye herufi na tarakimu 17 chini ya kioo cha mbele. Kwa Mustang za 2015 kuja juu, herufi ya 8 ndiyo injini: F ni V8 ya lita 5.0 inayoitwa Coyote, H ni silinda nne ya lita 2.3 yenye tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi). Beji ya 5.0 ubavuni haithibitishi kitu, kwa kuwa inabandikwa kwa dakika moja. Herufi ya 10 ni mwaka wa modeli: F ni 2015, G ni 2016, H ni 2017, J ni 2018. Uandike, kwani bei yote itasimama juu ya mwaka huo. Tazama pia kama dashibodi inahesabu maili. Maili 60,000 ni karibu kilometa 96,500, na dalali hatakukumbusha.

Haya, washa.

Kwenye HEMI, iwe ya lita 5.7 au 6.4, sikiliza mlio wa tik-tik-tik. Kuna tik mbili, na bei zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza husikika injini ikiwa baridi, kisha hupotea ikipata moto. Hiyo mara nyingi ni bolti ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini) iliyokatika, hasa za nyuma karibu na kabini. Chuma kikipoa na kupanuka kila siku, bolti huchoka; gesi hupenya kwenye uwazi, na joto likija manifoldi hutanuka na kuuziba. Kazi yake ni kutoa bolti zilizokatikia ndani ya silinda hedi na kufunga mpya na gasketi. Inasumbua fundi, lakini injini ni nzima.

Tik ya pili haiondoki hata baada ya nusu saa, na wakati mwingine silinda moja haichomi. Hapo ni lifta, kipande kidogo kinachosukuma valvu. Kigurudumu chake kimekwama na sasa kinakula kamshafti, shafti inayoendesha valvu. Kuzifikia lifta za HEMI lazima hedi zote mbili zishuke, na ukishafika huko unabadilisha lifta zote 16 pamoja na kamshafti. Usibishanie bei ya gari la namna hiyo, aga uondoke. Chanzo kimojawapo ni kuunguruma bila kutembea, wakati oili inapita kidogo huko juu. Gari lililozoea kuachwa linawaka na kiyoyozi nje ya baa ndilo la kuogopa, hata kama kilometa zake ni chache.

Coyote ni ngumu zaidi. Ina mlio wake wa asili kama cherehani, hasa kuanzia 2018, na huo si ugonjwa. Kinachoiua ni oili pungufu. Ile ya 2015 hadi 2017 inameza lita 7.6, ya 2018 inameza 9.5. Fundi aliyezoea kumwaga galoni moja ya lita 4 na kufunga kifuniko amekwisha kuiharibu. Chomoa dipstiki mwenyewe, usisubiri kuonyeshwa.

Sasa jambo ambalo wanunuzi wa Dar hawalifikirii sana: vumbi letu. Tazama chujio la hewa. Likiwa lile la wazi lenye umbo la koni, fungua bomba linaloingia kwenye injini na upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu, ringi za pistoni zimekuwa zikisagwa kwa muda, na kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda) ni lazima. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Gari lenye boksi la chujio la kiwandani lina thamani zaidi hapa, hata kama mwenye koni anajisifia mlio.

Endesha kuelekea Iringa au Singida, popote penye matuta na mwendo. Kwenye matuta sikiliza busha za mbele. Mustang ya gia za mkono ikigoma kuingia namba mbili au ikisaga, tenga pesa ya gia boksi. Usishangae ikionekana nzito kuliko sifa zake: Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo wala supachaja hupoteza kama asilimia kumi. Coyote ya nguvu farasi 435 hapa inakupa karibu 390. Ukirudi, iache inawaka na kiyoyozi kwa robo saa juani. Mshale wa joto ukipanda, rejeta imeziba au feni ni dhaifu.

Tairi: Mustang GT nyingi za inchi 19 zina 255/40 mbele na 275/40 nyuma, hivyo huwezi kuhamisha za mbele kwenda nyuma. Soma namba nne ubavuni. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la huku huzipasua kabla kashata hazijaisha.

Kuhusu bei, usianzie kwa anachotaka muuzaji. Anzia gharama ya kuleta gari kama hilo leo. Tuseme thamani yake hadi bandarini ni shilingi milioni 50. Ushuru wa forodha asilimia 25 unafanya 62.5. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000 ni 6.25. Likiwa limezidi miaka 10, uchakavu wa asilimia 30 ni 18.75. VAT ya asilimia 18 inakufikisha milioni 103.25, kabla ya tozo ndogo, bandari na safari ya Dar hadi huku. Lenye miaka 7 halina uchakavu, linaishia milioni 81 na kidogo. Hakiki kwenye kikokotoo cha TRA, maana viwango hubadilika na bajeti. Kisha toa gharama ya kila kasoro uliyoikuta, kwa bei ya spea iliyoandikwa na duka.

Usukani wa kushoto ushushe bei zaidi. Kulipita lori barabara ya Morogoro ukiwa umekaa upande wa ukingo ni kubahatisha. Ndiyo sababu Mustang ya 2015 kuendelea, ya kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia, inastahili kulipiwa kuliko Dodge Challenger, ambayo haikutengenezwa hivyo. Anayetaka HEMI atafute Jeep Grand Cherokee SRT au Chrysler 300C, zote zipo za usukani wa kulia.

Mkikubaliana, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone faini, linganisha kadi na chasi, na ulipe kupitia benki kwa jina lile lile lililo kwenye kadi.